Chini ya Kifundo cha Zamani

Ukungu wa Julai ulikuwa umelala juu ya shamba la kikundi tangu alfajiri, na hata saa mbili asubuhi mashina ya chai ya upande wa chini, kule karibu na kijito, hayakuonekana. Ulisikia tu watu wakikohoa na visu vikinolewa. Loice alikuwa ndani ya nyumba ya shamba, amechuchumaa mbele ya meko, akipuliza kuni mbichi zilizokataa kushika. Alitaka chai ya kunywa iwe tayari kabla watu wote hawajafika. Leo hakutaka mtu yeyote apate la kusema.

"Mama Jentrix," Irungu aliita kutoka mlangoni. "Hivi vijiti vyako vya kupimia nimevichonga ncha. Mtu anakidunga tu chini, kinasimama chenyewe, mikono yote inabaki ya kazi. Urefu sijagusa. Nimepima tena na tepu."

"Asante sana, Baba Shirley," Loice alijibu bila kugeuka, machozi yakimtiririka kwa moshi. "Umetusaidia."

Irungu alikuwa na duka la misumari na mabati pale Litein, mtu asiyeweza kuona kitu kikiegemea ukuta bila kukitafutia namna ya kusimama. Alivibeba vijiti akaenda kuvigawa.

Nyumba ile ilikuwa ya mabati, vyumba viwili, na ilikuwa mali ya kikundi, watu wa Litein waliomiliki shamba lile kwa pamoja. Loice aliingia humo mwezi wa nne na binti yake Jentrix. Kabla ya hapo walikaa katika nyumba za wafanyakazi wa shamba kubwa la chai, ambako mumewe Okoth alichuma kwa miaka kumi na tisa na yeye Loice akapogoa kwa kumi na mmoja. Zikaja mashine za kuchuma, kazi ikaisha, na nyumba ikaisha pamoja na kazi. Okoth alirudi kwao upande wa ziwa kutafuta la kufanya. Loice alibaki kwa sababu Jentrix alikuwa kidato cha tatu, na shule ilikuwa mwendo wa dakika ishirini kutoka hapo. Kikundi kilimpa nyumba kwa muda, naye akawa mlinzi wa chai yao.

Huo muda ulikuwa unaisha leo. Kuna mwalimu aliyekuwa anaitaka nyumba kwa kodi, na Priscillah, anayeuza nguo sokoni, alisema wazi kikaoni kwamba kikundi si kanisa. Wengine walisema mtu anayejua chai ana faida kuliko kodi. Kogo Sally, bibi mzee aliyekuwa mwenyekiti, aliwasikiliza wote, kisha akasema, "Mama Jentrix atatuongoza siku ya kupogoa. Tukishamaliza na kula, tutaamua." Basi.

Chai hupogolewa kila baada ya miaka mitatu au minne, wakati wa baridi, shina likiwa limepumzika. Mkato mpya hupita juu ya ule wa zamani kwa inchi mbili hivi, ili machipukizi yatoke kwenye tawi changa. Shamba hili lilikatwa mara ya mwisho inchi ishirini kutoka chini, na vifundo vya mkato ule bado vilionekana kwenye kila shina, vinene kama viungo vya vidole vya mzee. Leo ilikuwa ishirini na mbili. Ukikata chini ya vifundo, unalirudisha shina kwenye mti mkavu uliokwisha kusahau kuchipua. Mengine hufufuka, mengi hukauka.

Ndiyo maana Loice alikata vijiti tisa vya mkaratusi, vya inchi ishirini na mbili kila kimoja, na asubuhi ile, watu wakiwa wameshika vikombe, aliwaambia jambo moja tu.

"Msiamini macho. Macho yanachoka, baridi inakufanya ukimbize kazi. Amini kijiti."

"Sawa, nyapara," Kipkorir akasema, na watu wakacheka.

Kipkorir alikuwa kijana wa miaka thelathini hivi, mwepesi wa mkono kuliko wote, na alijua hivyo. "Na chakula ni nini leo? Isije ikawa zile samaki zinakuangalia ukizikula."

"Omena itakuangalia wewe tu," Loice alisema. "Ikuulize mbona mstari wako umepinda."

Hata Priscillah alitabasamu. Loice aliliona tabasamu lile, akakusanya vikombe.

Walijipanga, kila mtu mstari wake. Kipkorir na Kogo Sally walipewa upande wa chini wa kijito, Kipkorir kwa sababu ya kasi yake, Kogo Sally kwa sababu hakutaka kupanda mlima. Loice alichukua mistari ya juu kabisa, penye udongo mgumu na mashina mazito. Yeye hakuchukua kijiti kipya. Alikuwa na kile chake cha zamani, kilicholainika kwa miaka ya kiganja chake. Alikata alama mpya juu yake akafanya kazi.

Saa mbili zilipita hivyo. Visu vilisema kwa mpigo mmoja, tak, tak, na nyuma ya kila mtu mashina yalibaki uchi, meupe kwenye mikato. Matawi mazito yalifungwa mizigo, kwa kuwa desturi ya kikundi ilikuwa hiyo: majani yanabaki yaoze shambani, kuni zinaenda nyumbani na aliyezikata. Mwezi wa saba, mzigo mmoja wa kuni ulikuwa na maana katika nyumba yoyote ya Litein. Kufikia saa nne mizigo saba ilikuwa tayari imepandishwa ukingoni mwa barabara.

Loice aliteremka kutafuta jiwe la kunolea. Alipita kwenye mstari wa Kipkorir, akatazama shina moja jinsi mtu anavyotazama uso wa mtu njiani. Akapita. Kisha akasimama.

Hakukuwa na vifundo.

Alirudi akainama. Mkato ulikuwa safi, umelala upande wa ndani kama alivyowafundisha. Lakini vifundo vya zamani havikuwa chini yake. Vilikuwa ardhini, kwenye tawi lililokatwa. Alitazama shina la pili, la tatu. Mbele yake, Kipkorir alikidunga kijiti chake karibu na shina lingine, na Loice akakiona kikizama kwenye udongo mweusi wa kijito, laini kama ugali wa maji, inchi tatu, karibu nne. Kijiti kilisimama wima, kizuri, mikono yote miwili huru. Kipkorir akakata palepale kilipoishia.

Ncha. Kule juu udongo ulikuwa mgumu, ncha haikuingia hata ukucha. Huku chini udongo ulikuwa unameza vijiti.

"Kipkorir," aliita, na sauti yake ikatoka ya kawaida, jambo lililomshangaza. "Hapa udongo ni laini. Usikidunge. Kiweke tu juu, ukishike."

Kipkorir alifuta pua kwa kiwiko. "Kwani kuna makosa?"

"Hapana," Loice akasema.

Neno lilitoka haraka, kabla hajalitafuta. Kipkorir aliinua mabega, akakishika kijiti kwa mkono, akaendelea. Loice alimwambia Kogo Sally vilevile, kwa upole, naye Kogo akaitikia bila kuuliza lolote. Kisha Loice akarudi nyuma kwenye mistari ile miwili, kana kwamba anakusanya majani, akahesabu. Ya Kipkorir, arobaini na sita. Ya Kogo Sally, kumi na saba. Sitini na tatu.

Alipanda kwenye mistari yake na kukata mashina kumi bila kuyaona.

Hakuna aliyejua. Hilo ndilo lililomjia kwanza, na hakulifukuza. Shina lililopogolewa hukaa wiki nane, kumi, likiwa kama mti mfu, zuri na baya sawasawa. Watu wangekula leo, wangeamua leo. Jentrix angemaliza muhula, pengine mwaka. Mwezi wa tisa, sehemu ya chini isipochipua, kuna baridi ya kulaumu, kuna mvua ya mawe, kuna ugonjwa wa mizizi. Yeye mwenyewe ndiye wangemuuliza sababu, kwa kuwa yeye ndiye ajuaye.

Saa sita ukungu ulipasuka ghafla, na jua kali likamwagika juu ya mashina. Watu walishangilia kwa sauti ndogo, wakanyoosha migongo. Loice hakushangilia. Mashina yaliyokatwa vizuri yangestahimili jua lile. Yale sitini na tatu yalikuwa yamefunuliwa gome la zamani, na gome hilo likiungua leo, hakuna kitakachotoboa kesho. Alitazama upande wa Sotik. Nyuma ya jua lile, mbali, kulikuwa na wingu lenye tumbo la kijivu na ukingo mweupe uliokatika kama karatasi. Kila mtu wa nchi hii analijua wingu hilo. Likifika saa nane, litashusha mawe.

Kulikuwa na njia moja. Yafunikwe. Lakini majani matupu yasingefaa, mawe yangeyabamiza juu ya mikato na kuyaozesha hapo. Yalihitajika matawi mazito yapangwe kama paa juu ya kila shina, kisha majani yawekwe juu yake. Na matawi mazito yalikuwa barabarani, yamefungwa kamba, kila mzigo na mwenyewe. Asingeweza kuyaomba bila kusema kwa nini.

Alikaa kwa muda amekishika kile kijiti chake. Baadaye hakukumbuka kwamba aliamua. Alikumbuka tu kwamba alikuwa akitembea, na kwamba miguu ilikuwa ya baridi sana ndani ya gamubuti.

Watu walikuwa wamekusanyika barabarani kunywa uji. Kogo Sally alikuwa ameketi juu ya mzigo wake, kibuyu cha mursik, maziwa ya mgando, magotini.

"Nina neno," Loice alisema. "Kule chini tumekata mashina sitini na tatu chini ya vifundo. Vijiti vilizama kwenye udongo. Yasipofunikwa kabla ya hiyo mvua, mengi yatakufa. Naomba kuni zirudi shambani. Zote."

Mtu mmoja aliweka kikombe chini.

"Zirudi," Priscillah alisema polepole. "Kwa hiyo chai yetu imekufa, kuni zetu zinarudi, na bado hata hatujala."

"Mimi nilifuata kijiti," Kipkorir alisema. "Si ulituambia tusiamini macho? Mimi niliona vifundo vinaanguka. Niliviona. Nikasema, nyapara amesema kijiti."

"Ncha ni zangu," Irungu akasema. "Nilidhani ni kama vijiti vya kamba ya kupandia viazi. Kule kwetu kila kijiti kina ncha. Mimi ndiye..."

"Uliniambia, Baba Shirley. Ulisimama mlangoni ukaniambia. Mimi nikasema asante."

Kipkorir alikuwa bado anamtazama Loice. Mzaha wote ulikuwa umemtoka usoni, na bila mzaha alionekana mkubwa kuliko umri wake.

"Nilikuuliza," akasema. "Saa nne, nilikuuliza kama kuna makosa."

"Uliniuliza."

"Ukasema nini?"

"Nilisema hapana."

"Ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa nimeshayaona."

Upepo wa kwanza ulipita juu ya shamba, baridi yake si ya ukungu tena. Kogo Sally aliinua uso akalitazama wingu, kisha akainuka kwa kushikilia bega la Irungu. Akaugeukia mzigo wake mwenyewe, akaufungua kamba, na matawi yakamwagika njiani.

"Maneno yapo," alisema. "Hayaozi. Bebeni kuni."

Walibeba. Loice alipiga magoti kwenye shina la kwanza, akawaonyesha: matawi manne yakutanishwe juu, mengine yapite katikati, halafu majani, halafu tawi moja zito la kuyashikilia. Lisiguse mkato. Irungu alikuwa na mkono mzuri kwa kazi ile, vipaa vyake vilisimama imara kama vya nyumba. Priscillah alileta mizigo miwili kwa mara moja, akaitupa karibu na Loice bila kumtazama, akaenda kuleta mingine. Kipkorir alifunika mashina yake mwenyewe, moja baada ya jingine, na alipofikia mwisho wa mstari akaanza ya Kogo.

Jua lilizimika. Walikuwa wamefunika hamsini na tisa tone la kwanza lilipoanguka, na lilikuwa gumu. Kipkorir na Loice walimaliza manne ya mwisho huku mawe yakiwagonga migongo. Kisha wakakimbia.

Watu kumi ndani ya chumba kimoja cha mabati, na mvua ya mawe juu yake, hakuna anayeweza kusema kitu. Walisimama wakitetemeka kwa baridi, wakitazama mlango uliojaa weupe. Daftari za Jentrix zilikuwa juu ya kitanda, na Priscillah, akitafuta pa kukaa, alizisogeza taratibu, akazipanga, akakaa kando yake. Loice alipakua ugali na omena. Wengine walikula wakiwa wamesimama. Mara hii hakuna aliyetaja macho ya samaki.

Kelele zilipopungua, Kogo Sally alifuta mikono kwenye leso yake.

"Makosa ni mawili," akasema. "La kijiti ni letu. Irungu alichonga, Mama Jentrix aliitikia, mimi na Kipkorir tulikata, na mimi nimekuwa na chai tangu kabla hamjazaliwa, wengine wenu. Nilipaswa kuona. Hilo limeisha. La pili ni lile hapana. Hilo aliambiwa Kipkorir, na mimi siwezi kumsamehe mtu kwa niaba ya mwingine." Akamgeukia. "Sema wewe. Akae, au nyumba iende kwa mwalimu?"

Kipkorir hakutarajia. Alitazama sufuria, akatazama mlango. Loice alikuwa amesimama karibu na meko, na hakupata mahali pa kuweka mikono yake.

"Kogo, mimi si jaji," Kipkorir alisema.

"Sikukuita jaji. Nimekuuliza."

Priscillah akakohoa.

"Angenyamaza," Kipkorir alisema mwishowe, "mimi nisingejua mpaka mwezi wa tisa. Na ningesema ni mvua. Hiyo nafikiria." Akasugua viganja. "Na pia nafikiria aliniangalia usoni akasema hapana. Yote mawili nafikiria." Akamtazama Loice. "Akae mpaka yachipue. Kila Jumamosi nakuja, tunahesabu pamoja, mimi na yeye, shina kwa shina. Yakikosa kutoka, tutakaa chini tena. Lakini siku nikiuliza kitu, niambiwe."

"Na mwalimu?" Priscillah aliuliza.

"Mwalimu angoje chai."

Priscillah alizitazama daftari pembeni yake. "Basi angoje," alisema. "Si ati amelala nje."

Huo ndio uliokuwa uamuzi. Hakuna aliyepiga makofi. Irungu alichukua vijiti vyote tisa, akakaa kizingitini na msumeno mdogo, akaanza kuondoa ncha, lakini Loice alimgusa bega. Ukiondoa ncha, kijiti kinakuwa kifupi. Irungu alitulia akikitafakari kile alichoshika, kisha akacheka kidogo, cheko la mtu aliyechoka, akavitia vyote ndani ya meko kimoja kimoja.

Nje dunia ilikuwa nyeupe na ilikuwa inatoa mvuke. Watu waliondoka mikono mitupu kuelekea barabarani, wakiteleza. Kogo Sally alitangulia, na mgongo wake bila mzigo ulionekana mwembamba.

Kipkorir hakwenda nao mara moja. Aliteremka hadi kijitoni, na Loice akamfuata. Vipaa viwili vitatu vilikuwa vimeinama, vingine vilisimama vimebeba mawe juu ya majani kama chumvi. Alichuchumaa kwenye shina la kwanza la mstari wake, akainua tawi moja kwa kidole. Ndani kulikuwa pakavu. Mikato ilikuwa mizima, haijapigwa, na chini yake gome la zamani, la kijivu, limepasuka-pasuka.

"Hili je?" akauliza. "Litatoka?"

Loice alipiga magoti kwenye barafu. Alilitazama gome lile kwa muda, akalipitishia kidole kutoka kwenye mkato hadi udongoni, akitafuta uvimbe wowote wa chipukizi, hata mdogo kama punje ya mtama.

"Sijui," alisema.

Kipkorir aliitikia kwa kichwa. Akalirudisha tawi mahali pake, wakasogea kwenye la pili.